Riwaya ndefu na sura zinazochosha: kuruka ni haki ya msomaji au ni kujidanganya?

Mpekuzi wa Kimara

Wakuu, salaam.

Jumamosi kwenye kikundi chetu cha kusoma hapa Sinza nusura watu wavunjiane heshima. Dada mmoja katangaza kwamba amemaliza Les Misérables ya Victor Hugo, ile yenyewe nene, si ile iliyofupishwa. Makofi. Halafu akaongeza, bila wasiwasi wowote, kwamba vita vya Waterloo aliviruka vyote, na mitaro ya maji machafu ya Paris nayo hakuigusa. Kaka mmoja akamjibu: basi dada yangu hujamaliza, umepita tu jirani. Kuanzia hapo chai ikapoa mezani.

Mimi nipo upande wa dada, ila kwa masharti, na hayo masharti ndiyo yaliyonileta hapa.

Kwanza tuondoe hofu. Kuruka hakukuanza na simu za mkononi kama wazee wanavyopenda kusema. Juzuu ya kwanza ya Don Quixote ilitoka mwaka 1605, na Cervantes alikuwa amepachika humo hadithi ndefu isiyomhusu kabisa shujaa wake. Watu wakalalamika. Juzuu ya pili ilipotoka, mwaka 1615, wahusika wenyewe wanakaa na kuyajadili malalamiko hayo, na mbele kidogo inasemwa wazi kwamba wasomaji wenye haraka ya kumfuata Don Quixote wangezipita hadithi za pembeni mbio mbio. Miaka 400 iliyopita mwandishi keshajua kwamba tunaruka.

Ushahidi wangu mkubwa lakini ni Tolstoy. Vita na Amani ilipotoka kamili mwaka 1869 ilikuwa na sura nzima nzima ambazo hadithi inasimama na mwandishi anapanda jukwaani kutufundisha kwamba historia haiendeshwi na akina Napoleon. Kitabu kina tamati mbili. Ya kwanza ina watu: Natasha kaolewa, kanenepa, ana watoto, na mtoto wa marehemu Andrei anaota ndoto. Ya pili haina mtu hata mmoja, ni insha tupu juu ya uhuru wa binadamu na sheria za historia. Sasa sikilizeni. Mwaka 1873, katika toleo jipya, Tolstoy mwenyewe aliziondoa zile sura za falsafa katikati ya riwaya akaziweka nyuma kama kiambatisho, na Kifaransa wanachoongea mabwana wa Kirusi akakigeuza Kirusi. Matoleo ya baadaye yakarudisha mambo mahali pake. Kwa hiyo kuna kipindi msomaji wa Urusi aliuziwa kitabu ambacho mwandishi keshamrukia. Tukiwahukumu wanaoruka, tuanze na huyo mzee mwenye ndevu.

Ila sasa njoo kwa Hugo, ndipo dada yetu anapopata matatizo.

Waterloo ipo mwanzoni mwa sehemu ya pili, sura 19. Valjean, shujaa wa kitabu, hayumo. Cosette, yule mtoto atakayemlea, hayumo. Ni farasi, mizinga, matope, nani alichelewa kufika, mvua ilinyesha kiasi gani usiku ule, na Hugo akimpima Napoleon kwa kila mizani aliyonayo. Msomaji aliyeacha mtoto wa watu akiteswa kwenye nyumba ya wageni anauliza, mzee, haya yananihusu nini? Anaruka. Namwelewa.

Tatizo ni sura ya 19. Usiku umeingia, vita vimekwisha, na mtu mmoja anazunguka kati ya maiti akiwavua pete na saa. Anamvuta afisa mmoja kutoka chini ya rundo la miili, anampekua, anachukua alichokuta. Afisa anafumbua macho. Hajui kwamba ameibiwa, anadhani ameokolewa. Anamuuliza mwokozi wake jina. Jina ni Thénardier, yule yule mwenye nyumba ya wageni anayemtesa Cosette, ambaye mlangoni kwake katundika kibao cha sajini wa Waterloo aliyembeba jenerali mgongoni. Na afisa ni Pontmercy, baba yake Marius, kijana atakayempenda Cosette. Baba anakufa akimwachia mwanawe wosia: ukimkuta mtu huyu, mtendee wema wote unaoweza. Miaka inapita, Marius yuko nyuma ya ukuta, anachungulia kwenye tundu, mkononi bastola aliyopewa na inspekta Javert apige kuwaashiria polisi. Anasikia jambazi la chumba cha pili likijitaja: Thénardier. Mkono unakataa.

Marius hadi mwisho wa kitabu anaamini deni lile ni la kweli. Wewe msomaji unajua ni la uongo, kwa sharti kwamba ulisoma kurasa chache za mwisho wa vita. Hugo kaiweka hirizi chini kabisa ya gunia, na kakujazia matope ya kurasa nyingi juu yake.

Basi kipimo changu ni hiki. Kabla sijaruka sura, au rundo la sura, nasoma ukurasa wake wa kwanza na kurasa mbili tatu za mwisho. Nikikuta mtu ninayemjua anafanya jambo, narudi nasoma yote. Nikikuta hewa, naweka alama ya penseli pembeni nasonga mbele. Tamati ya pili ya Tolstoy kwa kipimo hiki inarukika bila dhambi. Waterloo hairukiki.

Karibuni tushambuliane kwa hoja.

---

Kifaru Mweupe

Nimekaa paleee nasubiri wajuzi.

---

Mwalimu wa Zamu

Mleta mada, umeandika vizuri na ndiyo maana inabidi upingwe vizuri.

Kipimo chako kinadhani sura ina kazi moja, kuisukuma hadithi mbele. Kama haikusukuma, haina kazi. Mimi nafundisha Kiswahili kidato cha tano na sita, na kila mwaka naona matokeo ya imani hiyo.

Chukua Kusadikika ya Shaaban Robert. Kitabu chembamba, hakuna anayeweza kulalamika urefu. Karama yuko mbele ya baraza, waziri Majivuno kamshtaki kwa kuanzisha mafunzo ya uanasheria nchini, na Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mjumbe anahangaika njiani, anarudi na mambo ya kuifaa nchi, anaishia gerezani. Kwa mjumbe wa kwanza darasa linasikitika. Kwa wa pili linasikitika. Kwa wa nne vichwa vinaanza kuinama juu ya madawati, na kila mwaka wapo wanaotoka kwa mjumbe wa pili moja kwa moja hadi hukumu. Ukiwauliza wanasema, mwalimu, ni yale yale.

Ndiyo. Ni yale yale, na hiyo ndiyo hoja ya mshtakiwa! Mjumbe mmoja akifungwa, serikali itasema ilikuwa bahati mbaya. Wawili, itasema ni makosa ya watendaji. Sita ni utaratibu wa nchi. Karama hana silaha nyingine mbele ya baraza lile zaidi ya kurudia, na anarudia mpaka mfalme anageuka na wale sita wanafunguliwa. Ukiruka wajumbe watatu umemnyima mshtakiwa nusu ya mashahidi wake, halafu unakuja kuniuliza mfalme alishawishikaje kirahisi.

Sasa weka kipimo chako hapo. Soma mwanzo na mwisho wa safari ya mjumbe wa nne: katumwa, karudi, kafungwa. Utasema hewa. Utaruka.

Na usisahau anakoishia mrukaji. Leo anaruka sura, kesho ananunua madesa: wahusika, dhamira, mandhari, ujumbe, kila kitu kwa nukta. Anafaulu mtihani wa riwaya ambayo hajawahi kukaa nayo chumba kimoja.

---

Dogo Mbagala

Nakazia kwa mwalimu. Kusoma kwa kuruka ni sawa na kuangalia hailaiti za Simba na Yanga. Magoli umeyaona, ila hujui kwa nini yule beki alishindwa kukimbia dakika ya 80.

---

Kifaru Mweupe

Dogo, na ile dabi ya bila kwa bila, mpira unachezwa katikati tu dakika 90, ulishawahi kuirudia?

---

Dogo Mbagala

Hapo umenipiga chenga mkuu 😂

---

Meza ya Posta

Mimi nauza vitabu vya mtumba pale Posta, chini, barazani. Vitabu vingi mnavyovitaja sijavisoma ila nimevishika karibu vyote, na kuna jambo nimeliona ambalo nyinyi wasomi hamlioni kwa sababu kila mmoja ana nakala yake.

Ukitaka kujua watu wanasomaje usiwaulize, watakudanganya. Kifunge kitabu, ukigeuze, uangalie ukingo wa kurasa upande wa kufungulia. Palipopita vidole pana weusi. Vitabu vinene vingi nikiviangalia ukingo ni mweusi robo ya kwanza, halafu mweupe pepe mpaka mwisho. Huyo mwenye kitabu hakuruka. Huyo alikimbia. Ndio wengi, na ndio wanaoongoza kusema "nimekisoma zamani".

Ila kuna vichache vina weusi, kisha utepe mweupe, kisha weusi tena hadi jalada la nyuma. Hapo unajua kabisa, huyu bwana alikwama akaona bora akate kona aendelee. Baada ya kuona uzi huu nimevuta Les Misérables moja ya Kiingereza iliyokuwa chini ya meza, ina mikono ya watu wengi ile. Utepe mweupe wa kwanza nimeufungua: Waterloo. Katika ukurasa wa pili wa vita imo tiketi ya mwendokasi, Kimara kwenda Kivukoni, wino umefifia. Huyo jamaa aliweka tiketi pale na hakurudi kuichukua, lakini kurasa za mbele zimechakaa kweli kweli, mpaka kuna moja imeungwa kwa gundi. Utepe wa pili upo kuelekea mwishoni, nimesoma kidogo, ni habari za mitaro.

Mwalimu, shikamoo. Naomba nikuulize. Aliyeruka vipande viwili akafika mwisho, na aliyeacha robo ya kwanza kwa kuheshimu kila neno, wewe ungemfelisha nani?

---

Mwalimu wa Zamu

Marahaba. Swali lako ni zuri kuliko yote ya humu na sitalijibu haraka. Hiyo nakala usiiuze kwanza.

---

Nanga Kigamboni

Nafanya kazi melini, nasoma nikiwa zamu ya kupumzika, na kitabu changu cha kudumu ni Moby-Dick ya Herman Melville. Sura 135 na tamati. Humo watu wanaruka kuliko kitabu chochote, kwa hiyo niruhusuni niseme.

Sura ya 32 ndiyo inayoogopwa. Ishmael, msimulizi, anaacha safari anaanza kuwapanga nyangumi kwa makundi, makubwa, ya kati, madogo, akiwapa majina ya ukubwa wa karatasi za vitabu, na njiani anashikilia kwamba nyangumi ni samaki. Ukiruka hapo sikulaumu. Ila soma aya ya mwisho. Anauacha mpangilio wake bila kuumaliza, na anasema kitabu chote hiki ni rasimu tu, tena rasimu ya rasimu. Hivyo ndivyo kitabu kinavyojieleza chenyewe, na maneno hayo yamefichwa mkiani mwa sura inayochosha kuliko zote. Kwa hiyo mpaka hapo kipimo cha mleta mada kinafanya kazi.

Sasa nenda sura ya 60. Inahusu kamba. Kamba ya chusa tu: imetengenezwa na nini, inakunjwaje kwenye pipa lake, inavyopita katikati ya wapiga makasia wote, ikimgusa kila mmoja kifundo cha mkono. Hakuna tukio. Mwanzo hewa, mwisho hewa. Kipimo chako kinasema ruka. Halafu unafika sura ya 135, nahodha Ahab anarusha chusa, kamba inachomoka, kitanzi kinamkaba shingo, na hata mabaharia wake hawajajua vizuri kilichotokea keshaondoka. Aliyeruka kamba anasema, ah, bahati mbaya gani hii, mwandishi kachoka. Aliyesoma alikuwa anaisubiri kamba ile tangu sura 75 zilizopita. Nimewahi kuona kamba ya kufungia meli ikikatika gatini. Haina mlio mrefu. Baada ya hapo hakuna mtu kwenye zamu anayehitaji kuambiwa kwa nini Melville alitumia sura nzima.

Na kuna hadithi nyingine tamu juu ya kuruka. Kitabu hiki kilichapwa London kwanza, Oktoba 1851, kabla ya kutoka Marekani mwezi uliofuata. Katika toleo la London ile tamati haikuwemo. Tamati yenyewe ni fupi mno, inaeleza tu kwamba Ishmael alinusurika kwa kushikilia jeneza lililogeuzwa boya, lile alilochongewa rafiki yake Queequeg alipougua halafu akapona. Bila kijipande hicho, meli imezama na watu wote. Wahakiki wa Uingereza wakamshukia Melville: kama wote wamekufa, anayetusimulia ni nani? Mtu alisemwa kwa ajili ya ukurasa ambao wasomaji wake hawakupewa. Kwa hiyo kabla ya kusema kipande fulani hakina kazi, fikirieni hilo.

---

Mpekuzi wa Kimara

Nanga, nimefurahi kupata mtu wa maji kwenye uzi. Lakini sura ya 60 haiangushi kipimo changu, kwa sababu ni kurasa chache tu. Nani anachoka kwa kurasa tatu za kamba? Mimi nazungumzia vile vipande vinavyokula wiki. Sura fupi isomwe hata kama inahusu misumari.

Mwalimu, hoja ya kurudia naichukua na naiongeza kwenye masharti, maana inagawanya vitu viwili tulivyokuwa tunavichanganya. Kuna sura inayochosha kwa kuwa inarudia, na kuna inayochosha kwa kuwa imetoka nje ya hadithi. Inayorudia haipimwi kwa ukurasa wa mwisho, kwa sababu kazi yake ni uzito wa jumla, kama ulivyoeleza kwa wale wajumbe. Iliyotoka nje ndiyo ya kupima. Tolstoy anapohutubia hajarudia kitu, katoka nje, na mwenyewe alishawahi kukubali kwamba hotuba inaweza kukaa nyuma ya kitabu.

Madesa usituletee. Mwenye madesa hajaruka chochote, hajawahi kuwa juu ya kitabu mpaka aruke.

---

Bi Mkubwa Magomeni

Wanangu, mnabishana juu ya kuruka na hakuna aliyeuliza kitabu kilitolewaje.

Riwaya nyingi za karne ile zilitoka kwa vipande. Pickwick ya Dickens ilitoka kila mwezi, 1836 hadi 1837. Monte Cristo ya Dumas ilikuwa gazetini, 1844 mpaka 1846. Hata huyo Tolstoy wenu, vipande vya mwanzo vilianza kuchapwa kwenye jarida mwaka 1865. Msomaji alipata fungu lake, akalisoma, akaazima jirani, wakaligombania barazani, halafu wakasubiri. Sura ya maelezo ikija katikati ya mwezi haikumwumiza mtu, alikuwa na mwezi mzima wa kuimaliza. Nyinyi mnataka kubugia kwa juma moja kitu kilichopimwa cha miaka miwili, kisha mnasema mwandishi anazunguka mbuyu.

Sisi hapa tuliyajua haya kwa magazeti ya hadithi. Unafika chini, jambazi kanyanyua panga, maandishi meusi: ITAENDELEA. Ungekuwa nalo toleo lijalo ungeruka hata tangazo la dawa ya mbu. Kwa kuwa hunalo, unasoma mpaka la dawa ya mbu.

Na tenzi je? Mtunzi anaanza kwa jina la Mungu, anamsalia Mtume, anaomba aletewe karatasi njema na wino, anaeleza kwa nini ameamua kutunga, beti zinakwenda na vita havijaanza, farasi hajatandikwa. Nimekaa kwenye vikao hivyo nikiwa mdogo, bibi yangu anasoma kwa mahadhi, na sikuwahi kusikia mtu akisema ruka twende kwenye vita. Ndipo watu walipokuwa wakitulia, watoto wakinyamazishwa, waliochelewa wakipata pa kukaa. Umberto Eco alipoambiwa na wachapishaji apunguze kurasa mia za mwanzo za riwaya yake, Jina la Waridi, alikataa, akasema hizo kurasa zinamfundisha msomaji pumzi ya kitabu, anayeshindwa abaki chini ya mlima. Mimi sijui kama nampenda kwa kiburi hicho, lakini bibi yangu angemwelewa.

Mimi nasema msiruke. Punguzeni mwendo. Kurasa tano kwa usiku, basi.

---

Binti Mwananyamala

Nimetumiwa linki. Mimi ndiye niliyeruka Waterloo.

Kwanza shikamoo Bi Mkubwa. Kurasa tano kwa usiku ningezipenda sana, ila natoka kazini saa kumi na moja, foleni, nikifika kuna mtoto wa homuweki na mtoto wa kunyonya. Kurasa tano zangu ni tano za kweli, sizipati kila siku. Nikizipa zote kwa mizinga ya Napoleon, Cosette nitamwona mwakani. Watu wenye muda ndio wanaotuhubiria sana uvumilivu.

Pili, aliyeniambia nimepita jirani anajua kwamba mwenyewe hakufika hata kwa askofu wa kurasa za kwanza. Tuyaache.

Tatu, na hili ndilo la maana. Kuna mwalimu wa Kifaransa, Daniel Pennac, aliandika mwaka 1992 haki za msomaji, na haki ya pili ni kuruka kurasa. Watu hunukuu hiyo haki na kuacha sababu yake. Anasema watoto wasipojirukia wenyewe, wengine watawarukia: watachukua mkasi, watakifupisha kitabu, watawapa kilichobaki kana kwamba ndicho. Nani humu hakukutana na Oliver Twist kwenye kile kitabu chembamba cha Kiingereza cha shule chenye picha? Huko tulirukiwa na mtu tusiyemjua, na hakuacha alama ya penseli. Mimi nikiruka Waterloo, Waterloo ipo pale pale kwenye kitabu changu, inanisubiri. Pennac mwenyewe anasema alisoma Vita na Amani akiwa na miaka kumi na miwili au mitatu akimfuata Natasha na mapenzi yake, sehemu kubwa ya kitabu akairuka. Baadaye akaja kuwa mwandishi na mtetezi wa vitabu. Kuruka hakukumwua.

Halafu mleta mada, hujasema jambo moja. Aliyeruka Waterloo bado anaambiwa na Marius kuhusu wosia. Kwa hiyo mimi nilisoma tukio la bastola nikiwa upande wa Marius kabisa, nikiamini kama yeye kwamba jambazi lile lilimwokoa baba yake, ingawa nilijua ni mtu wa aina gani. Nilitetemeka naye. Nyinyi mliosoma kwa mpangilio mlikuwa juu mkimwangalia akidanganyika. Mimi nilidanganyika pamoja naye. Sura ya 19 nimeisoma jana usiku, mtoto kalala kifuani, baada ya kuona uzi huu. Nilipofika kwenye pete nilikaa. Sasa nambieni nani kati yetu kapata hadithi nzuri zaidi.

Mhakiki Roland Barthes aliwahi kusema bahati ya Proust, yule wa riwaya ndefu kuliko zote hizi, ni kwamba ukimsoma tena huruki mahali pale pale uliporuka mara ya kwanza. Mimi mitaro nimeiacha ya mwakani.

---

Nanga Kigamboni

Dada umefunga goli la kichwa. Ila mitaro isome kabla ya mwakani, Valjean anaingia humo na mtu mgongoni. Ile insha ya mitaro ni ramani ya atakapopita.

---

Binti Mwananyamala

Valjean ndani ya mitaro nimesoma kaka, yule namfuata hata shimoni. Niliyoruka ni zile kurasa za mwanzo za historia ya mitaro na hesabu za mbolea.

---

Mwalimu wa Zamu

Nimerudi kwa swali la Meza ya Posta. Ningemfelisha aliyeacha robo ya kwanza na kusema kakisoma. Aliyeruka ningempa alama zake na kumwomba arudi, kama dada alivyorudi. Lakini angalieni: dada alirudi kwa sababu aliwekewa uzi mbele ya macho. Wangapi hawawekewi?

Na mleta mada, jaribu kipimo chako kwa Nagona ya Kezilahabi, 1990. Kitabu chembamba kabisa, unakimaliza kati ya Mbezi na Posta foleni ikiwa mbaya. Kila ukurasa umetoka nje ya hadithi, maana hadithi yenyewe huioni. Mwanzo hewa, mwisho hewa, katikati ndoto. Uruke nini? Ukishaanza kuruka unatokea jalada la nyuma mikono mitupu. Kile kinasomwa mara mbili au hakisomwi.

---

Mpekuzi wa Kimara

Nagona nakubali, hairukiki, na wala sidhani inachosha. Inatisha. Mchoshaji na mtishaji ni watu wawili. Nikifungua Nagona nisielewe, sisikii usingizi, nasikia naulizwa kitu. Nikifungua hesabu za mbolea ya Paris nasikia usingizi.

Binti Mwananyamala, hoja ya kudanganyika pamoja na Marius imenishinda kuijibu na siijibu. Ninachoshikilia ni penseli tu: weka alama uliporuka.

---

Kifaru Mweupe

Mimi nataka kuanza hiyo Les Misérables sasa, mmenitia hamu. Ninunue ipi? Isiwe iliyofupishwa.

---

Meza ya Posta

Mkuu, angalia jalada la ndani jina la mfasiri. Ukiona Norman Denny, ya mwaka 1976, ujue yupo kati kati: hakufupisha sana kama zile za shule, ila sehemu mbili, ya maisha ya watawa na ya lugha ya mitaani, kazitoa katikati akaziweka nyuma ya kitabu. Waterloo kaiacha mahali pake. Ukitaka kila kitu kwa mpangilio wa Hugo, kwenye jalada litafute neno la kuonyesha kwamba haijapunguzwa, halafu pima unene kwa mkono. Nyembamba ya vidole viwili usikubali, utakuwa umeuziwa mifupa.

Hiyo yenye tiketi siuzi mpaka mwalimu aje aione. Nyingine ninayo, safi, ukingo mweupe wote. Hakuna aliyeifungua.